Fungu la matamasha au nauli ya ng'ambo? Mwongozo kamili kwa aliyeko Mwanza

Shabiki wa gemu, anime (katuni za Kijapani) au kosplei (kuvaa kama wahusika wake) anayeishi Nyakato au Buswelu anajua jambo moja ambalo mwenzake wa Dar es Salaam halimsumbui: tamasha karibu zote kubwa ziko mbali. Hata kuhudhuria tu ni safari yenye nauli ya kwenda na kurudi, malazi, kiingilio, vazi, na vile vitu vidogo vya kwenye meza za wauzaji ambavyo hukumbuki umenunua vingapi mpaka ufike nyumbani. Anayefanya hivyo mara mbili kwa mwaka tayari anabeba gharama za msafiri, ila anachokiona ni ukumbi mmoja na watu walewale.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuligeuza fungu hilo liwe safari ya kuvuka mpaka, na ikibidi, safari hiyo impimie kama kazi ya nje inamfaa. Kama tamasha ndiyo soko lako, yaani unauza picha ulizochora, unashona mavazi ya wengine au unapiga picha za kulipwa, usiiache. Hapo unakwenda kazini.

Piga hesabu ya mwaka kwanza

Chukua daftari, andika kila kitu cha tamasha la mwisho ulilohudhuria. Mfano wa kupigia hesabu: nauli 140,000, malazi ya usiku tatu 150,000, chakula 90,000, kiingilio 40,000, vazi 250,000, manunuzi 130,000. Jumla 800,000. Mara mbili kwa mwaka ni 1,600,000. Namba zako zitatofautiana, lakini angalia mstari wa vazi na mstari wa manunuzi. Kwa watu wengi hiyo miwili ndiyo inakula karibu nusu, na safari ya nje haina mistari hiyo.

Fungua akaunti ya pembeni au kibubu cha simu ambacho hukigusi, uweke moja ya kumi na mbili ya jumla hiyo kila mwezi. Ukikaa miezi sita bila kukigusa, una nidhamu ya safari. Ukikigusa mara tatu, ahirisha, na usikope kwa ajili ya matembezi.

Karatasi: anza na jina

Kinachochelewesha watu wa Kanda ya Ziwa kuliko fedha ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mathias, cheti cha kidato cha nne kinasema Matias, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu. Herufi moja tu inatosha kukurudisha. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vyote vya shule, usome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta tofauti, rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, maana pasipoti itafuata NIDA, na mwajiri wa nje atalinganisha pasipoti na vyeti. Kosa la NIDA linarekebishwa NIDA kwa vielelezo. Mabadiliko halisi ya jina yanahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani pekee hukubaliwa baadhi ya sehemu na kukataliwa kwingine, kwa hiyo usikitegemee kwa safari ya kazi.

Kisha pasipoti. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, unachapisha fomu na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na vielelezo halisi na nakala. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Utaulizwa cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi au kiapo kinachokitosheleza, kitambulisho cha taifa, picha, na ushahidi wa safari. Hicho cha mwisho ndicho huwakwamisha wengi, kwa sababu "nataka tu niwe nayo" si ushahidi. Barua ya mwaliko, barua ya chuo, nafasi ya hoteli uliyoshika au mpango wa safari ulioandikwa vizuri husaidia.

Usimpe fedha kishoka anayesimama nje ya ofisi akidai ana mtu ndani. Malipo halali yana namba ya malipo na risiti ya serikali. Ukilipa kwa mkono huna pa kudai.

Kama unakwenda nchi jirani tu na pasipoti haijatoka, ipo Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ni nafuu sana na hutolewa upesi. Usichanganye na habari za Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa: mpango huo ni wa nchi hizo tatu, Tanzania haimo.

Chanjo ya homa ya manjano pia isisubiri siku ya mwisho. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 sindano moja inatosha maisha yote. Kadi ya njano isikunjwe pamoja na fedha mfukoni. Ikichakaa hadi namba zisisomeke, afisa wa afya mpakani atakuhesabu kama hujachanja.

Safari ya kwanza: lizunguke ziwa

Kwa safari ya kwanza hatushauri ndege. Zunguka Ziwa Victoria kwa siku 8 hadi 10. Utapita nchi tatu bila viza, utajifunza mipaka, na fedha itakayobaki utaishangaa. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kukaa hadi miezi 6 nchi mwenzake kama mgeni.

Panda basi Nyamhongolo kuelekea Musoma, Tarime na Sirari. Ukivuka uko Isebania, halafu Migori, halafu Kisumu. Lala Kisumu usiku mbili. Kiswahili kinakutosha na samaki hawatakuwa wageni kwako, ingawa utalazimika kuzoea kuwaita kwa majina mengine. Kisumu hadi Busia ni takriban kilomita 115, na Busia hadi Kampala kama 200. Kampala kaa usiku tatu. Kutoka hapo shuka Masaka, kisha Mutukula, na kutoka Mutukula hadi Bukoba ni takriban kilomita 80. Bukoba hadi Mwanza chagua meli ya usiku, inayokufikisha asubuhi lakini haiondoki kila siku, au basi la kupitia Geita na Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile saa ya kusubiri kivuko imekwisha. Uliza ratiba ya meli kabla ya kutoka Kampala, si ukifika Bukoba na mkoba begani.

Mambo yanayoharibika kwenye mzunguko huu ni machache na yanajirudia.

Muhuri. Kila mpaka una mihuri miwili: wa kutoka na wa kuingia. Mutukula na Busia hugongwa jengo moja, kwa hiyo mtu huona foleni imeisha dirisha la kwanza akadhani amemaliza. Bodaboda watakuambia "twende tu, hawaangalii". Kuvuka hakuna shida. Shida inakuja ukitoka, pale afisa anapotafuta muhuri wa kuingia asiuone, na hapo wewe ni mhamiaji haramu. Angalia pia siku ulizopewa. Afisa akiandika 14 wakati wewe unataka 30, mwombe palepale, kwa adabu.

Fedha. Badilisha kidogo tu kwa wale wanaoshika mabunda mpakani, kiasi cha nauli na chakula cha siku moja, na uhesabu mwenyewe kabla hujakabidhi yako. Kinachobaki beba kwa dola, noti mpya zisizo na mchoro wala mkunjo uliokatika. Noti za dola za zamani hubadilishwa kwa bei ya chini au hukataliwa.

Mizigo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo panga nguo kwenye mfuko wa kitambaa. Wapiga picha waache droni nyumbani, kwani kuiingiza Kenya bila kibali ni kunyang'anywa.

Simu. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Mwanza, na uijaribu. Ukifika Kampala laini imezima, ujumbe wa namba za siri za benki hautaingia.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Afrika Kusini inampokea Mtanzania bila viza kwa matembezi mafupi. Ulaya ni habari nyingine. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Alama za vidole zinachukuliwa, hivyo hesabu na safari ya Dar es Salaam kwenye bajeti.

Wengi wananyimwa kwa sababu moja: hawajaonyesha watarudi kwa nini. Mwenye ajira apeleke barua ya likizo yenye tarehe ya kurejea kazini. Mwenye duka Makoroboi au mitumbwi Kirumba apeleke leseni, TIN, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha ikiingia na kutoka kama biashara inavyofanya. Milioni tano zilizoingia siku moja wiki moja kabla ya maombi ni kosa la kawaida. Afisa anajua ni za kuazima, na akishajua hilo hasomi tena kwa moyo mweupe.

Kuhusu tiketi: usinunue ya Mwanza–Dar peke yake na ya kimataifa peke yake zikiachana saa mbili. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala hairudishi fedha. Nunua zote kwenye tiketi moja, au lala Dar usiku mmoja. Linganisha pia bei za Entebbe na Kigali. Mkazi wa kanda hii ana viwanja vitatu vya kimataifa vya kuchagua, faida ambayo wengi hawaihesabu.

Safari ya kupima kazi

Ikiwa kichwani una kazi, siku nne za mwisho za matembezi zitoe kwenye vivutio uzifanye za upelelezi. Andika kodi ya chumba kwenye mitaa wanakokaa wafanyakazi, nauli ya daladala yao kwa mwezi, bei ya kilo ya mchele na unga, na bei ya kutuma fedha nyumbani. Tafuta Watanzania wawili au watatu wanaofanya kazi unayoiwaza, uwaulize maswali mahususi: mshahara uliingia tarehe ngapi mwezi uliopita? Pasipoti yako anakaa nayo nani? Mara ya mwisho ulipumzika lini? Swali la "huku kukoje?" linaleta jibu la kujivunia. Swali la tarehe linaleta ukweli.

Mpaka usiouvuka ni huu: kuulizia kazi, kukutana na mwajiri, kufanya usaili si kufanya kazi, lakini kushika ufagio, nyundo au kompyuta ya mtu kwa malipo ukiwa na pasi ya matembezi ni kosa, hata ndani ya Afrika Mashariki. Soko la pamoja la 2010 liliturahisishia kuingia na kutafuta, halikufuta kibali cha kazi. Ghuba ni kali zaidi: Umoja wa Falme za Kiarabu ulipandisha faini mwaka 2024, mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali anaweza kutozwa kuanzia dirhamu 100,000. Usiamini "njoo kwa viza ya utalii, tutabadilisha ukifika". Ukifika, wewe ndiye wa kuondolewa.

Njia halali zinatofautiana mno kati ya nchi na nchi. Mbili zinaulizwa sana Mwanza.

Ujerumani ina Chancenkarte, iliyoanza Juni 1, 2024: unaingia kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja, ukiruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati unatafuta. Sharti la msingi ni shahada, au ufundi wa angalau miaka 2 unaotambuliwa na serikali ya nchi uliyosomea, pamoja na Kijerumani ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa) au Kiingereza cha B2 (cha kujieleza vizuri), kisha alama 6 kwa umri, uzoefu, lugha na kadhalika. Kwa hiyo fundi aliyesoma VETA akamaliza ngazi kwa ngazi yuko karibu zaidi kuliko mwenye kozi za miezi mitatu mitatu. Kikwazo ni fedha ya kujikimu: kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 35 zilizofungiwa benki, isipokuwa una mkataba wa kazi ya muda unaofidia. Muuguzi ana njia yake: taaluma hiyo inahitaji cheti kutambuliwa kwanza, na Kijerumani cha B1 au B2 kutegemea jimbo. Goethe-Institut ya Dar es Salaam hufundisha na kutahini. Kutoka sifuri hadi B1, panga mwaka mzima wa kusoma kwa dhati.

Uingereza, kazi ya kutunza wazee haiajiri tena moja kwa moja kutoka nje tangu Julai 22, 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia mlango uliofungwa.

Wakala na mkataba

Hapa ndipo watu wanauza viwanja, kwa hiyo tulia.

Wakala wa ajira Tanzania lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Omba namba ya leseni na ofisi, kisha uithibitishe Ofisi ya Kazi ya mkoa au TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Fanya hivyo mwenyewe, usikubali picha ya leseni kwenye simu. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2016 zinasema gharama za kuajiriwa asibebeshwe mfanyakazi, na sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakataza vivyo hivyo. Anayekudai milioni 3 "za viza na nafasi" ameshakueleza ni nani.

Mkataba uwe mkononi kabla ya tiketi, kwa lugha unayoisoma. Tafuta vitu hivi ndani yake: jina na anwani ya mwajiri, kazi yenyewe, mshahara kwa fedha ya nchi hiyo, saa na siku ya mapumziko, malazi na chakula, nani analipa tiketi ya kurudi, na namna ya kuvunja. Peleka kwa afisa kazi uhakikiwe. Ukifika ukaletewa karatasi nyingine ya kusaini yenye mshahara mdogo, usisaini; ndiyo mbinu iliyozoeleka kuliko zote. Kwa kazi za ndani nchini Saudi Arabia, mkataba unatakiwa upite kwenye mfumo wa serikali yao uitwao Musaned.

Hesabu ya mshahara ifanye hivi. Kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Riyali 1,000 ni kama dola 275. Kwa dola moja shilingi 2,500, ni kama 687,000. Toa simu, sabuni, ada ya kutuma. Ukiweza kutuma 300,000 kila mwezi, deni la milioni 3 kwa wakala linakula miezi 10 ya mkataba wa miezi 24, kabla hata ya riba. Sasa linganisha na unachopata kwenye kiwanda cha samaki au dukani Mwanza, ukitoa kodi usiyolipa kwa sababu unakaa kwenu. Wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko kelele zake.

Vyeti navyo vina foleni yake. Vya sekondari vinahakikiwa NECTA, vya ufundi na vyuo kwa mamlaka zake, cha kuzaliwa RITA, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi uendako. Cheti cha tabia njema cha polisi kinahitaji alama za vidole na kina muda wake, hivyo kiombe mwishoni.

Wiki ya mwisho

Acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza, mkataba, na simu ya ubalozi wa Tanzania: kwa Ghuba tunao Riyadh, Muscat, Abu Dhabi, Doha na Kuwait, na ubalozi mdogo Dubai. Panga na mtu mmoja wa nyumbani siku ya kupiga simu kila wiki, na neno la kawaida litakalomwambia kuna shida bila mwajiri kuelewa.

Laini ya simu hakikisha imesajiliwa kwa jina lako na kidole chako. Ikipotea ukiwa nje, kuirudisha bila kidole ni kazi, na benki yako iko ndani ya laini hiyo. Iweke kwenye simu ndogo ya pembeni, usitembee nayo mtaani.

Dawa zenye kodeini au tramadoli usiingie nazo Ghuba bila cheti cha daktari na idhini ya huko. Na ukienda Ulaya, nyama na maziwa vinatupwa kwenye ukaguzi, lakini samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi binafsi. Dagaa wa mjomba wafunge vizuri, mara mbili, wasinukie kwenye begi la vyeti.